Usiuze Minazi kwa Sababu ya Grafu

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu,

Sisi huku wazima. Goti la mama yako limepungua maumivu, mdogo wako kapata kibarua bandarini, na vuli imechelewa. Habari ni hizo.

Kilichonishikisha kalamu ni maneno niliyoyasikia barazani, tena si kwa mdomo wako. Jirani katoka Unguja anasema umempigia mama yako simu auze ile minazi ya Kigombe upate laptopu mpya, kwa kuwa hiyo uliyonayo haichori. Nikadhani ni maneno ya watu. Juzi nikamkuta dalali ukumbini, kikombe cha chai mkononi, anauliza minazi mingapi bado inazaa. Minazi ile ni ya bibi yako. Na mama yako humjui? Ukimwomba, hatakuuliza mara mbili.

Nikamkalisha mama yako anieleze. Akasema unafungua viwango vya bahari vya Unguja kwenye programu ya R, unaandika amri ya kuchora, na dirisha linabaki jeupe. Safari nyingine unatoka mstari mmoja umelala juu ya karatasi. Basi wewe ukakata hukumu mbili kwa mpigo: data imeharibika na mashine imekufa.

Hukumu za namna hiyo nimezishuhudia. Ujana wangu nilifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge, jina lake tuliache. Palikuwa na kipimo cha mvua cha kujiandikia: ngoma yenye saa ndani, imevishwa karatasi ya wiki, na kalamu ya wino wa zambarau inayopanda kadiri maji yanavyojaa. Yakifika juu yanajimwaga yenyewe kwenye ndoo ya chini, kalamu inashuka, inaanza upya. Jumatatu moja ya masika tukavua karatasi, nyeupe pe! Bwana meneja akaitazama, akasema mashine imekufa. Hakumwuliza mtu. Akaandika barua Dar es Salaam kuagiza nyingine, na ile akaamuru ing'olewe iende stoo.

Karani wetu wa vipimo, mzee wa Kidigo asiye na maneno mengi, akainama akachungulia ndoo. Imejaa mpaka ukingoni. Mvua ilipimwa, haikuandikwa tu. Akaufuata mkono wa kalamu kwa kidole, akakuta aliyebadili karatasi wiki iliyopita aliuvuta kando, kama inavyotakiwa, asiurudishe. Ncha ilisimama upana wa unywele kutoka kwenye karatasi. Alipokwenda kueleza akaambiwa barua imekwisha kwenda posta. Masika yale yakapita kipimo kiko stoo, na kipya kilipofika jua lilikuwa linaunguza. Kuanzia hapo, kila mzee yule alipopita mbele ya ofisi, alikohoa. Kipimo kipya nilikabidhiwa mimi, na mpaka naondoka hakikutoa karatasi nyeupe hata moja. Muulize mama yako.

Kwa hiyo, mwanangu, chungulia ndoo kwanza. Kabla ya plot() andika summary(), usome namba yenyewe ya chini na ya juu. Wastani wa kila mwezi wa Unguja, ambako kipimo kipo tangu 1984, najua umeuchukua kwa wale wa PSMSL wa Liverpool, wanaokusanya viwango vya bahari tangu 1933. Sifuri yao wameishusha makusudi ili bahari isomeke karibu na milimita 7,000, namba zisiwe hasi. Mwezi usio na kipimo wanauandika -99999. Usipoiambia R kwamba hapo ni patupu, inaichukua kuwa ni kiwango cha bahari, inatandaza skeli kutoka karibu laki moja chini ya sifuri mpaka elfu saba juu, na bahari yako yote ya kusi na kaskazi inabanwa kuwa uzi. Huo ndio mstari wako uliolala. Zigeuze namba zile ziwe NA, uchore tena. Bamvua na maji mafu usivitafute humo. Vimekwisha kupatana ndani ya wastani wa mwezi.

Lile dirisha jeupe ni jingine. Ukiandika png() au pdf(), R inaacha skrini na kuchora ndani ya faili, na hairudi mpaka uandike dev.off(). Ukisahau, kila unachochora kinakwenda humo nawe umekaa unatazama weupe. Andika graphics.off() ufunge yote, kisha plot(1:10). Vidoti kumi vikipanda kutoka kushoto kwenda kulia, laptopu yako nzima, na dalali anywe chai kwao.

R ikilalamika kuwa pambizo ni kubwa mno, nafasi ya picha umeibana; ivute kwa kipanya. Ukichora kwa ggplot ndani ya kitanzi, bila print() hutoki na kitu. Na kama unaingia kwenye seva ya chuo kwa ssh, ile haina skrini ya kukuonyesha: ingia kwa -X, na huku kwako pawe na programu ya kupokea picha, au achana na madirisha uchore kwenye faili la png, ukalifungue nyumbani. Ukiendesha kwa Rscript, tazama ndani ya folda, utakuta Rplots.pdf imekusubiri siku zote hizo.

Nguvu ya mashine haimo katika hili. R ilianzwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ilichora kwenye kompyuta ambazo leo hata mafundi simu hawazigusi. Mimi nimeitumia mpaka nastaafu, ingawa hapa mtaani wanadhani nilikuwa nikifagia.

Baba yako, Mungu amrehemu, aliuza shamba la Pongwe akanunua mashine mpya ya boti. Ile ya zamani ilipofunguliwa, plagi ilikuwa chafu. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa ni shemeji.

Nakala ya data mwachie mtu unayemwamini. Msimamizi wako mwoneshe kosa lenyewe kama lilivyoandikwa, usimwambie tu "haifanyi kazi". Kula.

Nipigie picha ya hiyo summary() unitumie leo usiku, nami nitakaa macho. Lakini kabla ya hapo mpigie mama yako. Dalali kasema kesho asubuhi anakwenda Kigombe na mnunuzi.

Mjomba wako