Neno Ndilo Mlinzi wa Dawa

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humsuta mgonjwa anayenyamazia ugonjwa wake. Lakini yupo mgonjwa mwingine ambaye hakuficha lolote. Alikwenda hospitalini, akapimwa, akapewa dawa iliyomfaa, na bado akaponzwa na neno moja alilolielewa visivyo. Huyu methali haikumtaja, ilhali hatari inayomkabili inazidi kukua kadiri tiba ya saratani inavyotoka wodini na kuhamia nyumbani.

Kwa miaka mingi, kutibiwa saratani kulimaanisha kitanda, dripu na muuguzi aliyesimama kando. Leo baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa mwilini hutibiwa kwa dawa za kumeza. Mojawapo ni palbosiklibu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi wa Februari mwaka 2015. Dawa hii huitwa tiba lengwa kwa kuwa huvizuia vimeng'enya viwili mahususi, CDK4 na CDK6, vinavyoisukuma seli kugawanyika. Hutolewa kwa saratani inayochochewa na homoni na isiyo na protini ya HER2 kwa wingi, nayo huandamana na dawa ya homoni kama vile letrozoli. Lengo lake ni kuyazuia maradhi yasisonge mbele, kwa miezi na hata miaka. Kwa hivyo kosa dogo la siku ya kwanza laweza kurudiwa mara nyingi kabla halijagunduliwa.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu, mama aliyefunza Kiswahili maisha yake yote, anayekabidhiwa pakiti mbili kwenye dirisha la dawa. Juu ya ya kwanza pameandikwa: "1×1, siku 21, pumzika siku 7." Juu ya pili: "1×1." Mwanawe aliyemsindikiza anamwambia, "Mama, mbona ni rahisi? Siku 21 unatumia, wiki moja unapumzika." Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi alikosoa insha za watoto wa wenzake, anatulia na kuuliza, "Mwanangu, ninapumzika na nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Palbosiklibu humezwa mara moja kila siku kwa siku 21, kisha huachwa kwa siku 7, ili uboho wa mifupa upate nafasi ya kuunda upya seli nyeupe za damu ambazo dawa huzipunguza. Letrozoli haina mapumziko. Humezwa kila siku, siku zote 28 za mzunguko. Neno "pumzika" likiachwa bila kitenzwa, mgonjwa mmoja atapumzika na dawa zote mbili. Mwingine, kwa kuhofia saratani, hatapumzika kabisa, na seli zake nyeupe zitashuka mpaka mwili ubaki bila askari.

Suala la wakati nalo halikosi mtego. Dawa hii hutakiwa imezwe takriban saa ile ile kila siku. Daktari akiandika "8.00" na mgonjwa akasoma "saa nane", tofauti ni saa sita nzima. Aidha, "kutwa mara moja" humaanisha mara moja katika saa 24, lakini kwa anayejua kuwa kutwa ni mchana na kucha ni usiku, maagizo hayo yaweza kusomeka kana kwamba usiku umekatazwa. Heri kuandika "kila siku saa mbili usiku, baada ya chakula cha jioni", kwani ile ya kapsuli humezwa pamoja na chakula. Na akisahau, au akiimeza kisha akatapika? Hafidii. Husubiri dozi ya kesho kwa saa yake ya kawaida.

Tazama pia kitenzi. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema wanakunywa dawa, hata iwe ni tembe ngumu. Mlezi mwenye huruma, akimwona mgonjwa hana nguvu za kumeza, aweza kuifungua kapsuli na kuikoroga katika uji ili "inywewe". Dawa hii haifunguliwi, haitafunwi wala haipondwi. Kiswahili kina meza, tafuna na mumunya, na kila kitenzi kina kazi yake.

Kisha kuna balungi. Tunda hili huzuia kimeng'enya tumboni kinachoivunjavunja palbosiklibu, hivyo dawa hujaa mwilini kupita kiasi. Mgonjwa huonywa aliepuke, pamoja na maji yake. Lakini ni wangapi mijini wanaolijua balungi kwa jina hilo? Akiambiwa tu "matunda ya jamii ya machungwa", mmoja ataacha machungwa yote. Asipoelezwa, mwingine ataendelea kulinywa kila asubuhi. Afadhali tunda lenyewe lionyeshwe kwa picha. Zipo pia dawa zinazoathiri nguvu ya tiba hii: baadhi ya zile za kuua kuvu huizidisha, nazo rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huipunguza. Ndiyo maana kila kinachomezwa, hata mitishamba ya jirani mwema, sharti kitajwe mbele ya daktari.

Hata hivyo, neno la hatari kuliko yote ni lile jepesi zaidi: homa. Nchini Kenya wengi wakisema "nina homa" humaanisha mafua na pua inayotiririka, jambo la kutibiwa kwa tangawizi na blanketi. Kwa mgonjwa ambaye seli zake nyeupe zimepungua, joto la mwili linalofika nyuzi 38, au baridi na kutetemeka, huenda likawa dalili ya maambukizi yanayoweza kumwua upesi. Hapo hakungojwi asubuhi. Ni kwenda hospitalini mara moja. Kikohozi kipya na kuishiwa pumzi navyo huripotiwa bila kuchelewa, kwa kuwa dawa hii, ingawa kwa nadra, huweza kusababisha uvimbe wa mapafu. Vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko, na siku ya 15 ya mizunguko miwili ya kwanza, huonyesha yale ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyahisi. Kuvikosa kwa sababu mtu "anajisikia vizuri" ni kutembea gizani.

Katika vyuo vikuu, istilahi hujadiliwa kwa juhudi: je, ni tembe au kidonge, saratani au kansa? Mjadala huo una thamani, ila hautoshi. Mgonjwa aliye nyumbani usiku hana muuguzi kando yake. Ana karatasi tu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kuketi na mfamasia, akauliza "apumzike na nini?" na kuliandika jibu kwa sentensi isiyo na njia mbili, atakuwa ameitumikia lugha na kumlinda mama wa mtu. Kuuliza si ujinga; na penye tiba kama hii, kuuliza ni sehemu ya dozi.