Kikapu cha zawadi na madaftari yetu yaliyopotea

Haya wadau, leo naomba tuwape Simba na Yanga likizo fupi. Nina habari ya mpira wa kikapu. Tena wa wanawake. Tena wa vyuo vya Marekani. Usikimbie kwanza, kaa chini, maana nikimaliza utaona inatuhusu kuliko unavyodhani.

Tuanze na tarehe 24 Februari 1998. Chuo cha Connecticut kimekwenda kucheza ugenini na chuo cha Villanova. Mpira unarushwa juu kuanza mchezo na hakuna anayeugombea. Wachezaji wa Villanova wamesimama tu wanaangalia. Chini ya pete amesimama dada mmoja anaitwa Nykesha Sales, mguu wake umefungwa kiatu cha hospitali, maana kano ya kisigino ilikatika siku tatu kabla. Anapewa pasi, anarusha mpira kwa utulivu kama mtu anayeweka sahani kabatini, unaingia. Pointi 2. Kisha Connecticut nao wanasimama, Villanova wanafunga kikapu chao bila kuzuiwa, inakuwa 2 kwa 2. Sales anatoka, na mechi ya kweli inaanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Sales alikuwa mwaka wa mwisho. Alikuwa na pointi 2,176 tangu aanze chuo, na rekodi ya chuo ilikuwa 2,177, ya Kerry Bascom. Pointi moja tu kuifikia! Akaumia, msimu ukaishia hapo. Kocha wake, Geno Auriemma, hakukubali yaishe hivyo. Akaongea na kocha wa Villanova, Harry Perretta, ambaye ni rafiki yake. Akampigia Bascom mwenyewe, naye akabariki. Mkuu wa ligi yao, Mike Tranghese, akakubali pia. Sales akamaliza na 2,178.

Marekani nzima ikagombana. Wengine wakasema ni utu, binti ametoka jasho miaka minne, mpeni chake. Wengine wakasema ni uigizaji, rekodi haiombwi wala haigawiwi kama pilau ya msibani. Wapo waliosema makocha wanaume wasingethubutu kufanya hivyo kwa wachezaji wanaume, na kwamba wanawake wamefanywa watoto. Ugomvi ule haujaisha hadi leo, nenda kaulize.

Kwa asiyefahamu mambo ya kule: vyuo vya Marekani havichezi ligi moja ya nchi nzima. Vinajikusanya kwenye makundi yanayoitwa konferensi, kila moja na ratiba yake, bingwa wake na kitabu chake cha rekodi. Mwezi wa tatu mabingwa wa makundi na timu nyingine zilizoteuliwa wanakutana kugombea ubingwa wa taifa. Connecticut na Villanova walikuwa kwenye konferensi ya Big East, iliyoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya wanaume. Wanawake walianza kucheza humo msimu wa 1982/83.

Jina Connecticut Watanzania wengi tulilijua kwa sababu ya kijana wetu Hasheem Thabeet, aliyecheza pale toka 2006 hadi 2009 kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Mwaka ule wa 2009 wanaume wa Connecticut walifika nusu fainali ya taifa na sisi huku tukashangilia hadi sauti zikakauka. Kitu ambacho hatukukiona, au tulikiona tukakipita, ni kwamba msimu huohuo wanawake wa chuo hichohicho walicheza mechi 39 na kushinda zote 39. Wakatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata wakarudia tena, 39 kwa 39. Mimi nilianza kuwafuatilia kwa kupitia mgongo wa Thabeet, sina sababu ya kuficha, na nikajikuta nimesahau kurudi kwa wanaume.

Auriemma aliikuta timu hiyo mwaka 1985 ikiwa ya kawaida kabisa. Mwaka 1989 akachukua ubingwa wa Big East kwa mara ya kwanza. Mwaka 1995 wakashinda mechi 35 bila kupoteza na kuwa mabingwa wa taifa. Ubingwa wa taifa wa mwaka 2025 ulikuwa wa 12. Kwa hiyo Sales hakuwa mchezaji wa timu ya mtaani. Na wala hakupotea baada ya pale, alikwenda kucheza WNBA, Orlando kisha timu ya Connecticut hukohuko.

Sasa turudi kwenye kile kikapu. Maoni yangu? Mimi nisingekitoa. Angebaki na 2,176 yake na hadithi yake ingekuwa nzito zaidi. Lakini kinachonikosesha usingizi si hicho. Hebu fikiria: nchi nzima inagombana kuhusu pointi 2. Ili mgombane kuhusu pointi 2, lazima zile 2,176 za mwanzo ziwe zimehesabiwa moja moja na mtu aliyekaa mezani na kalamu, mechi baada ya mechi, miaka minne, hata kwenye ile mechi ya Jumanne usiku iliyokuwa na watazamaji wachache. Na karatasi ile ikatunzwa. Na mtu mwingine akajua ilipo.

Hapo ndipo roho inaponiuma, maana mimi naandika habari za michezo hapa Dar.

Kuna dada mmoja, sitamtaja jina, alicheza ligi ya kikapu ya mkoa miaka ya tisini. Waliomwona wanasema hakuwa na mfano. Nilipotaka kuandika makala yake nilikwenda kwake jioni, tukakaa barazani, akanimiminia chai ya tangawizi. Nikamuuliza, "Dada, kwa jumla ulifunga pointi ngapi?"

Akacheka. "Mdogo wangu, nitajuaje? Sisi tulikuwa tunacheza tu. Aliyekuwa anaandika alikuwepo, daftari lilikuwepo. Kaulizie."

Nikaenda kuulizia. Sehemu ya kwanza nikaambiwa niende ya pili. Ya pili mzee mmoja mpole sana akaniambia madaftari yalikuwepo, yalikuwa kwenye maboksi, lakini ofisi ilihama mara mbili na mvua iliingia mara moja. Hakuwa na ubaya wowote, alisikitika kweli. Nikarudi kwa dada nikamweleza. Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Kwa hiyo binti yangu akiuliza, nimwambie nilikuwa mzuri tu, basi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika makala, nikaandika "mfungaji hodari". Maneno hayo mawili yanatumika kwa kila mtu aliyewahi kufunga, sasa yana thamani gani?

Usidhani wenzetu wao ni malaika. Kabla ya 1982 michezo ya wanawake wa vyuo ilisimamiwa na chama chao wenyewe, AIAW, kilichoanza mwaka 1971. Kisha NCAA, kile chama kikubwa kilichokuwa cha wanaume, kikaanzisha mashindano yake ya taifa ya kikapu kwa wanawake mwaka 1982, na AIAW ikafa. Lynette Woodard wa Kansas alikuwa amefunga pointi 3,649 enzi za chama kile kilichokufa. Kwa miaka mingi kitabu cha NCAA hakikumhesabu. Mwaka 2024 Caitlin Clark wa Iowa alipokuwa anakimbiza rekodi, dunia nzima ilitangaza kwamba namba ya kuvunja ni 3,527 ya Kelsey Plum. Ya Woodard, ambayo ni kubwa zaidi, ilibidi watu wapige kelele ndipo ikatajwa. Lakini angalia tofauti: walipopiga kelele walikuwa na namba mkononi. Daftari la marehemu lilikuwa bado lipo.

Na Big East yenyewe ilipata kizaazaa chake. Mwaka 2013 konferensi ilipasuka, na chanzo ni pesa ya televisheni na ile futiboli yao ya kushika kwa mikono. Vyuo saba vya Kikatoliki ambavyo kikapu ndicho chakula chao, Villanova akiwemo, vikaondoka na jina Big East. Waliobaki, Connecticut akiwemo, wakajiita American. Notre Dame na wengine wakaenda kwingine kabisa. Ni kama talaka, mmoja anachukua nyumba na mwingine anachukua picha za harusi. Mechi ya mwisho ya Connecticut kwenye Big East ya zamani ilikuwa fainali ya Machi 2013, na Notre Dame waliwafunga 61 kwa 59 kwa kikapu cha sekunde za mwisho.

Huko American, wanawake wa Connecticut walikaa misimu saba. Walicheza na wenzao wa konferensi mechi 139. Walishinda 139. Soma tena hiyo sentensi. Mimi binafsi nadhani rekodi ya namna hiyo haina raha, ni kama mtu mzima kucheza kombolela na watoto wa chekechea, na hata mashabiki wao walichoka. Mwaka 2020 wakarudi nyumbani Big East na kuendelea kushinda.

Sasa sikiliza raha ya vitabu vinavyotunzwa. Nani aliwakatisha? Villanova! Walewale waliosimama mwaka 1998 wakamwachia Sales afunge. Tarehe 9 Februari 2022, mjini Hartford, Villanova 72, Connecticut 69. Mfululizo wa ushindi ndani ya konferensi ukaishia mechi 169, yaani zile 139 za American na 30 baada ya kurudi. Na haikuwa mara ya kwanza kwa Villanova kufanya uharibifu huo. Mwaka 2003, kocha akiwa Perretta yuleyule wa ule mpango, waliwafunga Connecticut 52 kwa 48 kwenye fainali ya Big East na kuua mfululizo wa mechi 70. Mtu anakupa zawadi ya pointi 2 leo, baada ya miaka mitano anakuja kukata riba. Perretta aliifundisha Villanova toka 1978 hadi 2020, na laiti ningekutana naye ningemuuliza kama ile ya 2003 ilikuwa tamu zaidi kwa sababu ya ile ya 1998.

Kwenye ile mechi ya 2022 Villanova walikuwa na binti anaitwa Maddy Siegrist. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2023, alifunga pointi 50 peke yake dhidi ya Seton Hall, rekodi ya wanawake wa Big East kwa mechi moja. Alimaliza chuo na 2,896. Namba ya Sales nayo ilishapitwa chuoni kwake zamani: Tina Charles aliipita mwaka 2010, na Maya Moore akafika hadi 3,036. Hivyo kile kikapu kilichopasua nchi kilidumu kama rekodi miaka 12 tu. Ukitazama orodha ya wafungaji wa Connecticut leo unamkuta Sales na 2,178 zake katikati ya wenzake, na zile 2 za mguu mmoja hazina rangi tofauti na nyingine.

Nilimsimulia dada kisa hiki juzi kwa simu. Akauliza swali moja tu: "Huyo aliyekuwa anaandika pointi, walimlipa?" Nikacheka. Naye hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Basi wadau, ombi langu ni hili. Kama baba yako, shangazi yako au jirani yako aliwahi kukaa meza ya waamuzi kwenye ligi ya kikapu Dar es Salaam miaka ya themanini na tisini, mwulize kama alibaki na daftari lolote. Hata kurasa mbili. Hata karatasi ya mechi moja iliyofungiwa vitumbua ikabaki inasomeka. Natafuta hasa mechi za wanawake kati ya 1991 na 1998. Piga picha unitumie, au nitakufuata ulipo, nauli juu yangu. Mpaka sasa nimepata karatasi tatu. Kwenye moja jina la dada lipo, mwandiko umefifia lakini unasomeka: pointi 31.