Safari ya Bwera na mashine ya kusaga

Tulitoka Kasese asubuhi, fobaifo yetu ya gia otomatiki ikivuta trela la mashine ya kusaga. Pale Kikorongo, karibu na ikweta, tukakata kulia kuelekea Bwera. Jua kali, mzigo mzito. Kupanda kidogo, harufu ya kuungua: mafuta ya gia yamechemka! Dereva akasimama, akaweka P, lakini injini hakuizima, maana ikiendelea kunguruma pampu inazungusha mafuta yapoe. Yakizidi digrii 120, giaboksi huharibika upesi. Baada ya nusu saa tukaondoka na gia ya chini, ovadraivu tumeizima, pole pole. Jioni mashine ikafika salama. Sasa akina mama hawatembei tena mbali na debe kichwani.