Safari Ndefu Juu ya Pikipiki

Mwezi huu tumeona vema tuandike habari ya chombo ambacho sasa kimo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Handeni na Korogwe, nacho ni pikipiki. Wala hatutaki kueleza namna ya kukiendesha, maana hayo vijana wayajua kuliko sisi. Twataka kueleza namna ya kukaa juu yake katika mwendo mrefu hata mtu akafika na mwili wake mzima na akili yake mahali pake. Labda atatokea mtu aseme, "Hiyo ni habari ya mafundi na vijana wa kijiweni, mwalimu wa chuo cha Kurani yamhusu nini?" Jawabu letu ni kwamba wengi katika vijana hao walisoma mbele yetu wangali wadogo, na sisi wenyewe kwa miaka mingi twapanda pikipiki kuzuru vyuo vya upande wa Misima na Sindeni, na kushuka hata Korogwe kwa haja zetu. Umri wetu umekwisha kupita hamsini, na mgongo wa mtu wa umri huo hausemi uongo.

Kwanza yapasa kuondoa fikira moja iliyoenea sana, kwamba kutafuta raha safarini ni ulegevu, na kwamba mwanamume ni yule avumiliaye. Sisi hatuoni hivyo. Maumivu hula akili ya mtu kidogo kidogo. Ambaye kiuno chamuuma na vidole vimemfa ganzi, huyo haangalii tena barabara, ajiangalia nafsi yake. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Basi vidole vyenye ganzi vikichelewa kushika breki sekunde moja tu, mbuzi aliyekuwa mbali amekwisha kuwa mbele ya tairi, na labda si mbuzi, ni mtoto wa mtu.

Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65, na njia ni ya lami. Mtu mmoja akienda kwa haja yake, akapumzika, kisha akarudi, hajafanya jambo kubwa. Walakini fikirini habari ya kijana wa kazi. Asubuhi apeleka abiria Korogwe, arudi Handeni. Baada ya adhuhuri apata mwingine wa Mkata, kilomita 54, arudi tena. Jioni amekwisha kwenda kilomita 238, na hapo hatujahesabu njia za vumbi za vijijini, ambazo kilomita moja yake huuchosha mwili kuliko kadhaa za lami.

Mwaka 1888 tabibu mmoja wa wanyama aliyekaa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Sababu ya kulifikiri ilikuwa mtoto wake, aliyekuwa akipanda baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu, ikimtikisa. Yaani tairi la upepo tunalolikalia leo lilitokana na baba aliyemwonea huruma mwanawe. Nasi twalitumia vibaya kweli! Kijana hujaza upepo hata tairi likawa kama jiwe, ati lisitoboke wala mafuta yasiishe upesi. Kisha hushangaa mifupa kumlia. Mwingine huliacha likasinyaa, na chombo kikayumba katika kila kona. Kipimo chake kimeandikwa na watengenezaji, mara nyingi katika kibandiko kilicho karibu na mnyororo au katika kitabu kinachouzwa pamoja na pikipiki. Atakayekifuata ameipata nusu ya raha bila ya kutoa senti.

Ama kiti, hapo watu wengi hudanganyika. Huenda kwa fundi wa kushona viti wakataka sponji nene na laini kama godoro la bwana harusi. Sponji laini hufurahisha kwa nusu saa. Baadaye hushindiliwa chini, na mifupa ya matako ikakaa juu ya ubao. Lililo bora ni sponji gumu kidogo, pana, lililo sawa juu, lisilo na mteremko wa kumsukuma mtu mbele. Ngozi ya kondoo yenye sufi zake ikitandikwa juu yafaa mno, kwa kuwa upepo hupita ndani ya sufi na jasho likakauka. Tumewaona na wanaotandika msala mkuukuu. Hilo hatulipendi, lakini hatukuja kugombana.

Na namna ya kukaa ina maana kuliko kiti chenyewe. Vijana wengi hukaa wameegemea nyuma, mikono wameinyosha kama mtu avutaye ng'ombe kwa kamba. Hivyo uzito wote huangukia mwisho wa uti wa mgongo, na kila tuta la barabarani hupiga hapo. Yafaa mtu ainame mbele kidogo, viwiko avilegeze, magoti yagusane na tangi la mafuta, na miguu ichukue sehemu ya uzito. Akifika kwenye tuta au shimo na ainuke kidogo asimame juu ya vikanyagio. Miguu ya mwanadamu ni springi bora kuliko za kiwandani. Usukani ushikwe kama ashikavyo mtu kifaranga, asiuponyoke wala asiuminye. Tena mwambie fundi alegeze nati za breki na klachi, azishushe hata kiganja chako kikae sawasawa na mkono bila ya kupinda. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai, nayo huondoa ganzi nyingi ya vidole.

Tusisahau kiu, nayo ni adui asiyejulisha. Handeni iko juu kidogo, na kadiri ushukavyo kwenda Korogwe, kwenye mto Pangani, ndivyo joto lizidivyo. Upepo wa mwendo hukausha jasho lingali linatoka, hata mtu akadhani hakutoka jasho kabisa. Afikapo, kichwa chamgonga na macho mazito, akasema ni malaria. Anywe maji kabla ya kuona kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa. Na katika mwezi wa Ramadhani, mwenye safari na aondoke baada ya sala ya alfajiri, afike jua halijawa kali. Kwa sababu hiyo hiyo, kifua wazi na mikono mitupu si raha. Shati jepesi la pamba la mikono mirefu humkinga mtu na jua na hubakisha unyevu mwilini. Kofia ngumu ni amri ya serikali, nasi twaongeza kwamba ile iliyolegea huvutwa na upepo na kuumiza shingo. Imkae mtu barabara kichwani.

Sasa twafika kwenye neno zito. Mavazi yetu ni mapana, na pikipiki ina gurudumu na mnyororo visivyojua heshima ya mtu. Kanzu ikunjwe, ikaliwe, na ndani yake pawe na suruali. Akina mama hukaa upande, miguu yote miwili mahali pamoja, ncha za khanga na buibui zikipepea karibu na spoki. Nguo ikinaswa, gurudumu haliiachi mpaka limemwangusha mwenyewe. Tena akaaye upande huelemeza chombo, na dereva hulazimika kujipinda njia nzima, naye huamka kesho hawezi kuinama. Sisi twaona kwamba mwanamke aliyevaa suruali pana chini ya buibui lake, akaikusanya nguo na kukaa kama akaavyo mpandaji, sitara yake haikupungua hata kidogo. Wako wazee watakaotukasirikia kwa neno hili. Na wakasirike, mradi binti zao wafike.

Katika safari zetu tumeona kwamba sala ndiyo kituo bora. Mtu ashuka, atawadha, miguu yapata maji, mgongo wanyooka. Kwa hesabu ya wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya kupunguza sala ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya siku hizi ni zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo aishiaye Korogwe kutoka Handeni haruhusiwi kupunguza. Apitilizaye hata Mombo anayo ruhusa. Na hata mwenye ruhusa asiifanye sababu ya kutoshuka njia nzima. Kila baada ya saa moja na ashuke, atembee kidogo.

Lakini haya yote yatamfaa nini kijana asiyepewa nafasi ya kushuka? Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Ni mali yetu sisi wenye nyumba, tuliouza mahindi au ng'ombe tukanunua chombo, tukakitia mkononi mwa kijana na kumwekea hesabu ya kila siku. Mvua inyeshe, abiria wasiwepo, hesabu ni ile ile. Ndipo apandisha mishikaki, watu watatu nyuma yake, na ndipo apita msikitini mbio bila ya kusimama. Jirani yetu mmoja alikuwa na pikipiki iliyoendeshwa na mwanawe. Usiku mmoja kijana alimwambia, "Baba, kiuno hakinishiki." Mzee akajibu, "Wewe mwanangu una miaka 24, una kiuno gani cha kuuma?" Asubuhi mzee akapanda nyuma yake mpaka Korogwe na kurudi, bila ya kupumzika, kama mwanawe afanyavyo kila siku. Aliporudi alishuka kwa kushikwa mkono. Tangu siku hiyo pikipiki ile hulala nyumbani kila Ijumaa kutwa, na hesabu ya siku hiyo mzee ameifuta. Tulipomwuliza kama hapati hasara, alisema kwamba hapo zamani alikuwa akinunua dawa za kuchua kila wiki, na mwezi huu hajanunua hata moja.

Kijana huyo sasa akirudi jioni hakimbilii kitanda. Hutembea kwanza mpaka kisimani na kurudi, kisha hulala chali sakafuni, miguu ameiweka juu ya kiti, muda wa robo saa. Mama yake mwanzoni alidhani ni mgonjwa.