Kioo kisicho na kioo

Nilikuwa nyumbani Garsen, na huko nyanya yangu alinifundisha somo moja la programu.

Mwaka 1999 msanii Daniel Rozin alitengeneza Kioo cha Mbao: vipande 830 vya mbao, kila kimoja na mota yake. Kamera ndogo inakutazama, kompyuta inapima mwanga, halafu kila kipande kinainama. Kinachoelekea juu hupata mwanga wa taa kikang'aa. Kinachoelekea chini huingia gizani. Unajiona umechorwa kwa mbao, na ukisogea nayo inasogea.

Nikataka kujaribu. Mota zangu zilikuwa 64 tu, safu nane za nane. Badala ya mbao nilikata miraba kutoka kwa mkeka wa nyanya ulioharibiwa na mafuriko ya Mto Tana ya mwaka 2023. Programu yenyewe ni fupi: gawa picha iwe miraba 64, tafuta wastani wa mwanga wa kila mmoja, kuanzia 0 hadi 255, kisha ugeuze wastani huo uwe pembe ya mota. Basi.

Shida ilikuwa umeme. Mota zote zikianza pamoja, mtambo mzima unazimika. Nilihangaika siku mbili kabla ya kuamua kuzisogeza safu moja baada ya nyingine.

Nyanya ana mtoto wa jicho, na kioo cha kawaida alishaacha kukiulizia. Nilimketisha mlangoni penye mwanga. Akatazama.

"Mjukuu wangu, hapa sioni mtu."

Alisema kweli. Miraba 64 haitoshi kuonyesha sura. Kisha akainua mkono kuweka leso yake vizuri. Miraba ikalia cha-cha-cha kutoka juu hadi chini, na kivuli kikapanda pamoja na mkono. Akanyamaza. Akainua tena.

"Ala! Kumbe ni mimi!"

Nikaanza kumweleza habari za pikseli. Akanikatiza: "Mwaa mmoja hauna ua. Ua liko kwenye mkeka."

Nilikuwa nimeweka akiba ninunue mota zaidi ili uso uonekane. Sasa pesa hizo zitampeleka nyanya kwa daktari wa macho kwanza. Mota zitasubiri.