Ukuta Unaobeba Nyumba

Katika Kisangani wengi tunatamani saluni kubwa. Watoto wanazidi, wageni wanajaa siku za ndoa na matanga, na mtu anasema: «Tubomoe ukuta huu wa katikati!» Si neno baya. Lakini kuta zote si sawa. Mwingine unagawanya vyumba tu, mwingine unabeba paa.

Dada yangu wa Mangobo alikuwa amekwisha kuita kijana mwenye nyundo. Fundi mmoja mzee akasema: «Mama, tupande juu kwanza.» Tukaona mbao za paa zimeungana pale pale juu ya ukuta ule. Tena ulikuwa na ufa wa mshazari, tangu mabomu ya Vita ya Siku Sita, 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wetu. Ukuta wa namna hii haupigwi ovyo.

Mzee alitueleza kazi. Kwanza umeme ukatwe. Kisha nguzo za miti zisimamishwe pande zote mbili za ukuta, juu ya ubao mnene, zishike paa. Halafu matofali yaondolewe kuanzia juu, pole pole. Hapo inawekwa boriti ya betoni yenye vyuma, ile mafundi wanaita linto, ikilala juu ya ukuta mzima angalau sentimeta 20 kila upande. Nguzo zisitolewe mbele ya siku 28, hata kama betoni inaonekana kavu.

Ninyi wa machimbo mnajua jambo hili kuliko sisi: nani anatoa mti unaoshika dari ya shimo kabla ya kusimamisha mwingine?

Basi, vyuma na simenti vina bei, na pesa ya dada ilikuwa ya masomo ya watoto. Tuliketi jamaa yote, tukahesabu. Akachagua kufungua nafasi ya meta mbili tu na kuacha ukuta mwingine usimame. Saluni haikuwa kubwa alivyotaka, lakini watoto walibaki shuleni.

Kwa hiyo, kabla ya nyundo, panda ukatazame. Usipofahamu, ita fundi mwenye kujua, na watoto walale kwa jirani mpaka nguzo zimesimama imara.