Tufani Hupita, Njia Ikihama Hairudi

Duka letu la Matrah lina mlango mmoja, makabati mawili ya vioo, na daftari la madeni lililoandikwa kwa mikono mitatu: wa babu, wa baba, na wangu. Mkataba wa pango unakwisha mwezi wa Shaaban. Kabla ya siku hiyo sina budi kumjibu dada yangu, ambaye tunamiliki naye biashara hii nusu kwa nusu, swali analoniuliza tangu mwaka jana: tubaki Matrah, au tuhamie Sib? Nimeona vema niandike namna nilivyolipima jambo hili, kwa kuwa si sisi wa kwanza katika ukoo wetu kuulizwa hivyo.

Marehemu babu yangu, aliyezaliwa Pemba na kufia Maskati, alikuwa na kipimo kimoja cha msimu mbaya. Mdororo wa biashara, kwa hesabu yake, una asili mbili: ama ni tufani, ama njia imehama. Tufani huvunja kisha ikapita, na mwenye subira hupanda upya. Njia ikihama, subira yenyewe hugeuka hasara, maana mteja hapiti tena mlangoni hata ukimngoja miaka kumi.

Habari za tufani alizirithi kwa wazee wake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Wenye mashamba walikabiliwa na uamuzi mzito, kwani mkarafuu huhitaji miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Hata hivyo dunia haikuacha kutaka karafuu, na uhaba uliipandisha bei. Aliyepanda tena alivuna, na aliyekuwa na mikarafuu Pemba alivuna kabla yake. Ni wajibu kukumbuka pia kwamba mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Hesabu ya ukoo isiyoandika deni hilo si hesabu kamili.

Habari za njia kuhama alizisoma katika mji huu huu. Seyyid Said bin Sultan aliona mapema biashara inakoelekea. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani, katika miaka hiyo hiyo ya 1830 akaanza kuhamishia makao yake Unguja, na mwaka 1840 meli yake Sultanah ikatia nanga New York. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na uamuzi wa mwaka 1861 ukazitenga Maskati na Zanzibar, Zanzibar ikitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Katika miaka hiyo ya 1860 meli za moshi za Waingereza zilianza kupita Ghuba kwa ratiba, zikabeba shehena ambazo zamani zilikuwa riziki ya majahazi. Hakuna subira ambayo ingeirudisha shehena ile. Babu wa babu yangu alipanda jahazi wakati wa kaskazi akaelekea Pemba, na ndiyo sababu lugha ninayoiandika hapa ni Kiswahili.

Waliobaki walipata soko jingine: tende za fardh za Oman, zilizosafirishwa kutoka Maskati hadi New York, ambako zilipendwa kwa kuwa zilistahimili safari ndefu. Kisha Wamarekani wakapanda mitende yao wenyewe huko California, na kufikia miaka ya 1930 soko lile lilikuwa limewaponyoka wakulima wetu. Waliodhani ni mwaka mbaya tu waliendelea kungoja.

Sasa niliweke duka letu katika mizani hiyo. Aprili 2020, wilaya ya Matrah ilipofungwa kwa sababu ya korona, nilijiambia kuwa hii ni tufani, na ilikuwa tufani kweli. Soko lilifunguliwa, na meli za watalii zikarudi bandarini. Mauzo yetu hayakurudi. Bandari ya Sultan Qaboos, ambayo tangu mwaka 2014 shehena zake za biashara zilihamishiwa Sohar, inatuletea wageni wa saa chache. Mgeni hununua pakiti ya ubani wa Dhofar na kuipiga picha kanga. Hainunui jozi ya kanga, kwa kuwa hana wa kumsomea jina lake. Kanga, kofia za kushona kwa mkono, karafuu na iliki huwauzia watu wetu: waliorudi Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, wengi wao baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, pamoja na watoto na wajukuu wao.

Nikalifungua daftari. Babu alikuwa na desturi ya kuandika mtaa kando ya jina la kila mdaiwa, na sisi tumeifuata. Katika kurasa zake naona Matrah, Ruwi na Wadi Kabir. Katika kurasa za baba naona Khuwair na Ghubra. Katika zangu, ukurasa baada ya ukurasa, naona Mawaleh, Khoudh na Mabela. Wateja wetu hawajatutupa. Wao ndio waliohamia upande wa Sib, na daftari limewafuata kabla yangu. Mabinti zao hunitumia picha za kanga kwa simu, nami huwapelekea mzigo kwa dereva. Nalipa pango mahali ambapo wanunuzi wangu hawafiki ila kwa harusi au kwa kuwatembeza wageni.

Ami yangu hakubaliani nami, na hoja yake si ndogo. Anakumbuka kwamba katika miaka ya sabini, mtu aliyetoka Zanzibar bila kujua nduguze wako wapi alikuja kuuliza barazani petu, na mara nyingi alipata jibu. Ananiambia, "Mwanangu, bidhaa utazihamisha. Hiyo baraza utaibeba na nini?" Ananikumbusha pia kuhusu kilemba: tukishauza haki ya mlango ule, hatutaweza kuununua tena. Na Sib si jangwa linalotungoja sisi. Maduka ya kanga yapo huko tayari, na mengine huchukua mzigo kwa muagizaji yule yule anayetuuzia sisi.

Nimeipima hoja yake kwa siku nyingi. Naona baraza ile iliwekwa na watu, na watu wale sasa wanakutana Khoudh, kwenye harusi na misiba, bila duka lolote lililo karibu. Nimemjibu dada yangu: tuhame. Kilemba kitalipa makabati mapya na pango la mwaka wa kwanza. Ubani na vyombo vya watalii tutamwachia jirani yetu kwa bei ya jumla. Mapema Shaaban, Inshallah, tutafungua Sib, ili Ramadhani na Idi zitukute tumekwisha kujipanga, kwani miezi hiyo ndiyo itakayotuambia kama tumelisoma daftari sawasawa. Nje ya mlango mpya nimeagiza benchi refu la mbao, na nafasi ya mwanzo ni ya ami, akikubali kuja.

Kwa jamaa wa Mombasa na Unguja wanaoniuliza kila mara soko zuri liko wapi: angalieni kwanza wanaowadai wanaishi mtaa gani. Na wale wa Matrah ambao majina yao yangalimo katika kurasa zangu, madeni hayakuhama. Tutayapokea Sib.